Kidole Chetu na Kisu cha Daktari

Wengi wetu humu kambini tumekimbia watu wenye mapanga. Halafu tukifika huku, tukiugua, tunalala wenyewe juu ya meza, tunanyoosha mikono, na mtu tusiyemjua anatupasua. Nimejiuliza muda mrefu swali ambalo wenzangu kituoni waliliona la kipuuzi: tofauti ya mambo hayo mawili iko wapi hasa? Yote mawili ni chuma kinachoingia kwenye nyama ya mtu. Damu inayotoka ni ileile.

Najua jibu linalokuja haraka. Mmoja anaua, mwingine anaponya. Sawa, lakini si kila anayepasuliwa anapona. Wapo wanaofia mezani, na hatusemi daktari amewaua. Kwa hiyo matokeo peke yake hayatoshi kututenganishia watu hawa wawili. Wengine watasema ni ujuzi, kwamba daktari amesoma miaka mingi. Kusoma amesoma, ila ujuzi unamfundisha mtu namna ya kukata, haumpi haki ya kumkata mtu fulani. Wengine watasema ni nia njema. Hapo ndugu zetu wa mashirika wanisamehe, lakini sisi wakimbizi tumeshaona mambo mengi yaliyokuja na nia njema.

(Hata jina lake hatujakubaliana. Sisi tuliotoka Kongo tunamwita munganga, Warundi wanasema muganga, na Watanzania wengi ukiwaambia unaenda kwa mganga wanakutazama vibaya, wanadhani unaenda kupigiwa ramli. Na serikali yao yenyewe ina Mganga Mkuu wa Wilaya!)

Mimi nadhani tofauti iko kwenye jambo dogo sana: mmoja aliuliza, na akasubiri jibu. Mwenye panga hakuuliza. Nitajaribu kulitetea jambo hili, maana lina matatizo yake na sitaki kuyaficha.

Tuanze na mfano wa mtu aliyekuwa na ujuzi na akapata matokeo, lakini hakuuliza. Marekani, jimbo la Alabama, miaka ya 1840, kulikuwa na daktari mpasuaji anaitwa J. Marion Sims. Alitafuta dawa ya fistula, ule ugonjwa wa mama aliyepata uchungu wa muda mrefu bila msaada, akatoboka ndani, na mkojo ukawa unavuja bila kuzuilika. Wanawake aliowafanyia majaribio walikuwa watumwa. Majina ya watatu yanajulikana: Anarcha, Lucy na Betsey. Anarcha peke yake alipasuliwa kama mara 30, bila dawa ya usingizi. Mwishoni Sims akafaulu, na yale aliyoyagundua yakawasaidia madaktari waliokuja baadaye.

Sasa angalia. Fistula hiyo hiyo ndiyo dada zetu wengi wa Kivu wanayotibiwa hadi leo. Hospitali ya Panzi pale Bukavu, iliyoanzishwa na Dk. Denis Mukwege mwaka 1999, imewashona wanawake wengi sana, wengine walioumizwa na uzazi, wengine walioumizwa na wanaume wenye silaha. Kwa hiyo siwezi kusema kazi ya Sims haikuwa na faida, faida yake ipo hata kwetu. Lakini nani alitoa ruhusa Anarcha akatwe? Bwana wake, mwenye mtumwa. Mwili ulikuwa wa Anarcha, maumivu yalikuwa ya Anarcha, na ruhusa ikatoka kwa mtu mwingine. Mwaka 2018 sanamu ya Sims iliondolewa katika bustani ya Central Park, New York. Nadhani walioiondoa walijua kabisa kwamba upasuaji ule ulifaulu. Waliiondoa hata hivyo.

Kuna mfano wa pili unaotugusa zaidi sisi tunaotibiwa bure. Niliusoma kwenye kozi tuliyopewa kituoni na sijaacha kuufikiria. Mwaka 1908 mwanamke mmoja, Mary Schloendorff, alilazwa New York Hospital kwa ugonjwa wa tumbo. Madaktari wakagusa wakakuta uvimbe. Akakubali alazwe usingizi ili wamchunguze tu, na akasema wazi kwamba hataki kupasuliwa. Akiwa usingizini wakautoa uvimbe. Baadaye alipata maradhi kwenye mkono na kupoteza vidole. Akaenda mahakamani. Mwaka 1914 hakimu Benjamin Cardozo akaandika kwamba kila mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuamua mwili wake ufanywe nini, na daktari anayempasua mtu bila ruhusa yake amemshambulia. Maneno hayo yananukuliwa mpaka leo kwenye vyuo vya udaktari na vya sheria.

Lakini mara nyingi wanaoyanukuu hawamalizii hadithi. Yule mama alishindwa kesi. Sababu moja kubwa ni kwamba hospitali ile ilikuwa ya hisani, inayotibu kwa msaada. Mahakama ilisema daktari akikosa, adaiwe daktari mwenyewe, hospitali ya hisani haidaiwi. Ilichukua hadi mwaka 1957 ndipo mahakama hiyo ya New York ikaachana na sheria ile.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Kumbe wazo kwamba aliyepewa bure hana la kudai halikuanza humu kambini! Lilishawahi kuwa sheria katika mji tajiri. Na sisi tunaliishi kila siku bila kuandikiwa. Mama anatoka hospitali hajui amechomwa sindano ya nini, ukimwuliza kwa nini hakuuliza, anakujibu, "Mwanangu, wametusaidia bure, nianze tena kuwasumbua?" Anaona kuuliza ni kukosa shukrani. Na mhudumu naye, amechoka, ana foleni mpaka nje ya ua, anaona kuulizwa ni kushtakiwa.

Halafu kuna habari ya kidole. Kidole gumba chako kimefanya kazi gani tangu ufike hapa? Kimeandikishwa siku ya kwanza. Kimepokea unga, maharage, mafuta na chumvi. Kimepokea sabuni na mablanketi. Kimehudhuria semina na kupokea soda. Kimekubali picha zipigwe. Kidole chetu kimezoea kwamba kikigusa karatasi kuna kitu kinatoka, na kisipogusa, hakuna kitu. Sasa siku ya upasuaji nesi analeta karatasi yenye maneno ya Kiingereza, anasema, "Weka kidole hapa." Mtu anaweka. Haoni kama ameulizwa swali, anaona amepanga foleni. Kwenye faili itaandikwa kwamba mgonjwa ameridhia, na hakuna aliyedanganya. Lakini je, kuna aliyeuliza?

Nataka nieleze mara moja nilipoona swali likiulizwa kweli, kwa sababu ndipo nilipoelewa kwamba kuuliza si karatasi.

Kijana mmoja wa timu yetu ya mpira, miaka 16, alianguka kutoka juu ya mti akitafuta kuni. Alikuja kambini peke yake akiwa mdogo, akapewa familia ya malezi. Mguu ulivunjika chini ya goti. Walimpeleka kwanza kwa fundi wa mifupa wa kienyeji, akafungwa vijiti, kamba ikakazwa sana. (Fundi yule amewaunga watu wengi wakatembea, mimi sijiungi na wanaomtukana.) Siku ya nne vidole vilikuwa vyeusi na vimeanza kunuka. Hospitali ya kambi ikamwandikia rufaa siku ileile, tukapanda gari la wagonjwa: yeye, baba yake wa malezi, na mimi kama mtu wa vijana.

Daktari alikuwa Mtanzania, mtu wa makamo. Aliangalia mguu, hakusema kitu pale, akatoka. Akarudi na kiti, akakaa. Nilishangaa kiti kile. Sijawahi kumwona daktari akija na kiti. Akamwambia kijana, siyo baba, siyo mimi, kwamba mguu umekufa chini ya goti, kwamba uchafu wake ukiingia kwenye damu utamwua, na kwamba anaona lazima ukatwe kesho asubuhi.

Kijana hakusema neno. Baba ndiye aliyesema. Akasema kwa sauti ya chini, "Dokta, huyu si wa damu yangu. Nikikubali, siku mama yake akitokea atanidai mguu. Nikikataa, atanidai mtoto." Sijasikia mahali popote mtu akilieleza tatizo hili vizuri kuliko mzee yule ambaye hakusoma. Nani mwenye mwili wa mtoto asiye na mzazi? Serikali? Shirika lililomwandikisha? Anayempikia ugali?

Daktari akajibu, "Mzee, wewe utasaini kwamba umeelezwa. Atakayekata ni mimi. Mama yake akija, mlete kwangu."

Kisha akasema anaenda wodi nyingine, atarudi, kijana afikirie maswali. Alirudi mara mbili jioni ile. Mara ya kwanza kijana akauliza nitasikia? Daktari akamweleza kuna sindano ya mgongo, utakuwa macho lakini husikii maumivu, na kuna nusu kaputi, unalala kabisa, akamweleza uzuri na hatari ya kila moja. Kijana akataka alale. Mara ya pili akauliza mtakata wapi. Daktari akatoa kalamu, akachora mstari, akamwambia kwa nini hawezi kushuka chini ya hapo, na kwamba goti akiliacha, mguu wa bandia utakuwa rahisi zaidi kuutumia. Kijana akaweka kidole chake juu ya mstari, akakaa hivyo muda mrefu.

Halafu akauliza, "Mguu wenyewe mtaupeleka wapi?"

Mimi nilitaka kusema aache. Daktari hakucheka. Akasema kawaida wanachoma kwenye tanuri la hospitali, lakini wakitaka kuzika watapewa. Baba akasema tutazika. Na kweli kesho yake alikabidhiwa, ukiwa umefungwa kwenye kitenge, mlinzi akatuonyesha sehemu nyuma ya mochwari, mzee akachimba mwenyewe kwa jembe la kuazima.

Lakini kabla ya hapo kijana aliuliza swali moja la mwisho, na hapa ndipo panaponisumbua kama mtu anayependa kufikiri. Aliuliza, "Na nikikataa?"

Daktari angeweza kumpamba. Alimwambia, "Ukikataa nitarudi kukuomba tena usiku. Ukiendelea kukataa nitamwita afisa ustawi wa jamii, kwa sababu hujafika miaka 18, na huenda wakaamua nikukate bila wewe kukubali. Sitaki ifike huko."

Nilipowasimulia vijana kituoni, mmoja akaruka: basi hakuulizwa! Swali ambalo jibu lake moja tu linakubalika siyo swali, ni amri iliyovaa nguo nzuri. Ni hoja nzito, na nimekaa nayo wiki nyingi. Jibu langu ni hili. Angekuwa amedanganywa kama daktari angejifanya kwamba hapana yake itamaliza mambo. Yeye alimwonyesha mpaka wa uhuru wake ulipo. Na ndani ya mpaka ule alimpa vingi vya kuamua: alale au awe macho, nani aingie naye hadi mlangoni, mstari uchorwe mbele ya macho yake, mguu uchomwe au uzikwe. Tumezoea kufikiri ruhusa ni ndiyo au hapana. Wakati mwingine ndiyo na hapana zimeshachukuliwa na ugonjwa wenyewe, kilichobaki ni hayo mengine. Na hayo mengine ni mengi, ila mtu asipoleta kiti hutajua kama yapo.

Daktari mwingine atasoma hapa aseme, kijana huyu ana maneno, lakini hajawahi kukaa zamu ya usiku na wagonjwa 60. Ni kweli sijakaa. Ila nina jambo la kumwambia ambalo halijatoka kichwani kwangu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kukagua wakati wa upasuaji. Timu inasimama mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Wanahesabu pamba na vifaa, wanakumbushana dawa za kuzuia vidonda kuoza, wanatajiana majina. Na jambo la kwanza kabisa kwenye orodha ni kwamba mgonjwa mwenyewe athibitishe yeye ni nani, anafanyiwa nini, wapi mwilini, na kwamba amekubali. Orodha ilijaribiwa katika hospitali 8 za miji 8 duniani, na mmoja ni Ifakara, hapahapa Tanzania. Majibu yalitolewa mwaka 2009: vifo viliteremka kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila wagonjwa 100. Sisemi swali kwa mgonjwa ndilo lililofanya kazi yote hiyo, pamba zilihesabiwa pia. Nasema tu waliotengeneza orodha, watu wenye haraka kuliko mimi, waliona dakika ile haipotei bure.

Sasa kuna pingamizi ambalo sina jibu lake safi. Limetoka kwa dada mmoja wa kikundi chetu cha Jumamosi. Alisikiliza hadithi yote ya kiti na kalamu, akasema, "Wewe unasifu kuulizwa. Mimi nilipopasuliwa nilikuwa nimezimia, mtoto amekaa vibaya, damu inamwagika. Hakuna aliyeniuliza. Wangekaa waniulize ningekuwa kaburini, na huyu asingekuwepo." Huyu ni mtoto wake, alikuwa amekaa pale anakula muwa.

Ni kweli tupu. Aliyezimia haulizwi, na daktari anayesubiri jibu la aliyezimia ni mwuaji. Kwa hiyo nilichosema mwanzo, kwamba tofauti ni kuuliza na kusubiri, hakisimami kama nilivyokisema. Nikajaribu kukirekebisha: daktari anayepasua bila kuuliza amechukua mkopo. Amekopa ruhusa, na mtu akiamka anapaswa kumrudishia, yaani amweleze, hiki ndicho nilichokufanyia, hii ndiyo sababu, hiki nimetoa, hiki nimeacha. Mwenye panga hakopi, hana mpango wa kurudi.

Dada akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Na kama hawakurudi?"

Alipasuliwa kabla ya kufika hapa, katika hospitali moja njiani tulipokuwa tunakimbia, ambayo sitaitaja. Alipoamka aliambiwa mtoto yupo, ashukuru Mungu. Siku ya tatu risasi zikasogea, wakatoka wote wanaoweza kutembea. Hakuna karatasi aliyopewa. Ana kovu refu, na tangu siku hiyo hajaona siku zake. Miaka minne sasa. Mume wake anasubiri mtoto wa pili, mama mkwe anauliza, na yeye hajui kama kizazi bado kipo. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu ile ile: waliniokoa, nitawadai nini tena?

Jumamosi ile hatukuendelea na mada. Tulichukua daftari, tukamsaidia kuandika maswali yake kwa Kiswahili cha hapa ili daktari asiyatafute maana. Yako manne. La kwanza: nilipasuliwa mwaka fulani, naomba kujua walitoa nini. Alhamisi ana zamu ya kupigwa altrasaundi kliniki ya akina mama. Ameomba mmoja wa wasichana wetu aende naye, akae ndani, asikie kwa masikio yake.